Jina la Mtoto wa Isuba

Hapo zamani, wala si zamani za masultani na majini, ni zamani za juzi tu ambazo tope lake bado halijakauka kwenye matairi, watu wanne walikuwa wakisafiri kwa baiskeli kutoka Kampala kwenda kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, kule Zambia. Nchi baada ya nchi, kwa nguvu za miguu yao, bila kupanda gari.

Walioanza walikuwa wawili. Mutale, Mbemba wa Kasama, alikuwa fundi umeme aliyefanya kazi Kampala mpaka akachoka. Akasema, "Narudi kwetu, lakini sirudi kwa basi." Miguu yake ilikuwa ya swala, na kichwa nacho cha swala: kukimbia alijua, aendako hakujua. Mwenzake alikuwa Namatovu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Masaka. Yeye alipanda baiskeli ya marehemu baba yake, ile ile iliyobeba magunia ya kahawa mpaka ikamsomesha. Watu walimwambia, "Mwalimu, nunua mpya." Akawajibu, "Mpya hainijui."

Walipofika Busia, mpakani, akajiunga nao Wafula. Huyu alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli kabla pikipiki hazijaja kumnyang'anya kazi. Alishabeba mbuzi, alishabeba jeneza, alishabeba kitanda cha bwana harusi na bwana harusi mwenyewe kakaa juu yake. Kifua chake kilikuwa kama mlango wa ghala. Walipofika Moshi, akajiunga Elinami, mpishi wa shule ya bweni, mnene, mcheshi, mwenye baiskeli nyembamba ya mashindano ambayo kila aliyeiona aliihurumia.

Sheria yao ilikuwa moja: hakuna kuachana. Wa mbele amngoje wa nyuma, na wa nyuma asijikawize.

Basi wakanyonga. Dodoma jua likawachoma, wakanyonga. Iringa milima ikawakatisha pumzi, wakanyonga. Makambako upepo ukawarudisha nyuma, wakainama, wakanyonga. Walipofika Tukuyu mvua ikawapokea. Wakaambiwa kuna barabara ya zamani ya udongo, inateremka katikati ya migomba mpaka bondeni, haina malori. Wakaifuata.

Sasa, mwendesha baiskeli aliyepanda milima siku nyingi akiona mteremko, ni kama mtoto aliyefungiwa ndani akiona mlango uko wazi. Wote wanne waliisahau sheria. Mutale alijiachia kama jiwe lililotupwa, akavuka daraja la miti kule chini, akafika njia panda, akachagua njia bila kuuliza, akapotea machoni. Wafula na Namatovu walishuka wakipiga kelele za furaha, wakavuka daraja, wakakumbuka sheria, wakarudi mpaka kwenye duka lililo kabla ya daraja. Wakaagiza chai na maandazi kwa mwenye duka, Bwana Gwakisa, wakakaa kumngoja Elinami.

Na Elinami? Elinami alikuwa bado juu kabisa, kijijini Isuba, kwa sababu alikuwa amenusa ndizi zinachomwa. Akala moja. Akala nyingine. Akajiambia, "Mteremko haukimbii." Alikuwa akijifuta mikono kwenye suruali aliposikia kilio nyuma ya migomba. Hakikuwa kilio cha msiba wala cha ugomvi. Kilikuwa kilio cha mtu anayevuta kitu kisichotaka kuvutika.

Kikongwe mmoja akatoka mbio, kitenge kimemlegea kiunoni.

"Mwanangu, una gari?"

"Nina baiskeli tu, bibi."

"Hata hiyo. Njoo!"

Kikongwe huyo aliitwa Bibi Sekela. Ndani alikuwamo mkwewe, Tumpale, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana. Mumewe, Ambakisye, alikuwa amepanda kwenda barabara ya lami kutafuta gari, hajarudi, na hata angelipata, gari gani lingeshuka kwenye tope lile? Kituo cha afya kilikuwa chini, ng'ambo ya kijito.

Bibi Sekela akamvuta Elinami kando, akamnong'oneza, "Mtoto amekaa vibaya. Nimeshika tumbo, kichwa kiko juu. Hili mimi siliwezi."

Elinami akatoa simu. Ikaita kwa Namatovu.

"Uko wapi wewe?" Namatovu akauliza. "Chai inapoa."

"Rudini juu."

"Juu wapi?"

"Juu nilipo. Kuna mama anazaa na hawezi kuzaa. Rudini, dada, nakuomba."

Namatovu akamwambia Wafula. Wafula akautazama mlima, akaitazama chai, akacheka kwa hasira. "Huyo amechoka, anatutania. Jana alisema ameumwa na nyoka, kumbe ni mwiba. Mimi mlima huu sipandi mara ya pili." Akavuta kikombe. Namatovu hakubishana naye. Alipanda baiskeli ya baba yake akaanza kunyonga kuelekea juu, huku akimpigia Mutale: "Popote ulipo, tafuta kituo cha afya, leta mkunga! Mkunga! Yule anayezalisha!" Wafula alimwona mwenzake anavyopinda mgongo peke yake mlimani, akarudisha andazi sahanini. Akaacha chai. Akamfuata, akampita, akatangulia kufika.

Alipomwona Tumpale amelala pale, jasho limemlowesha, hakuuliza tena kama ni utani. Elinami alikuwa amepiga magoti kando yake, amempa mkono wake aubane, anamsimulia jinsi siku moja alivyopika ugali wa wanafunzi mia nne akasahau kuweka unga kwenye sufuria moja. Na Tumpale, katikati ya maumivu, alikuwa akicheka. Uchungu ukija anapiga kelele, uchungu ukipoa anauliza, "Halafu?"

"Akicheka anapumua," Bibi Sekela akasema. "Endelea, mwanangu."

Wafula akatoka nje, akazunguka baiskeli zao mara moja kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Baiskeli moja itamwangusha," akasema. "Tufunge mbili, ubavu kwa ubavu, mianzi juu yake, kitanda katikati. Hivyo ndivyo nilivyobeba wagonjwa wa kwetu. Ya Elinami ni ya maonyesho, haifai. Itakuwa yangu na yako, dada." Akaligusa bomba la chini la baiskeli ya Namatovu, pale palipokuwa na kovu la kuchomelewa zamani. "Chuma hiki kitahimili?"

Namatovu alilijua kovu lile. Fundi wa Masaka alimwambia: hapa beba nguo na maji, usibebe mtu. Akamtazama Wafula machoni.

"Kitahimili."

Wakakata mianzi. Namatovu akatoa hema lake, akalipasua katikati kwa kisu bila kulitazama mara mbili, wakalifunga kuwa machela. Wakamlaza Tumpale. Bibi Sekela akasimama kushoto amemshika kichwa, Elinami kulia na hadithi zake, Namatovu mbele akishika sukani zote mbili. Na Wafula nyuma. Kwa sababu breki za baiskeli, kwenye tope lile, na uzito ule, na mteremko ule, zilikuwa ni mapambo tu. Breki alikuwa Wafula. Alifunga kamba ya kuvutia mzigo kwenye keria, vile vyuma vya kupakia nyuma ya kiti, za baiskeli zote mbili, akaizungusha viganjani, akaegemea nyuma kama mtu anayevutana na fahali.

Wakashuka. Tope likateleza, Wafula akashika. Jiwe likagonga, Wafula akashika. Kamba ikaanza kumla viganja, damu ikachanganyika na mvua, Wafula akashika.

Katikati ya mlima, Namatovu alisikia mlio. Mdogo, *tiki*, kama mtu amevunja kijiti. Alijua ni nini. Akasogeza bega lake chini ya mwanzi, akauchukua uzito wa upande ule kwa mwili wake, akaendelea kushuka.

Tumwache hapo, tumfuate Mutale.

Mutale alipopigiwa simu alikuwa tayari amepotea. Njia ya kituo cha afya ilikwenda kushoto, yeye alikwenda kulia. Mvua ikamwagika kama imepinduliwa. Akaingia ua wa kwanza aliouona. Mama mmoja wa makamo, mwili umejaa, alikuwa barazani akichambua maharage.

Kiswahili cha Mutale kilikuwa cha kuokoteza njiani. Akasema, "Mama, hodi, mimi natafuta kituo. Mama iko mlima, mtoto inakuja, lakini mtoto haitaki kuja, na mimi nataka mukunga!"

"Karibu, lakini umepotea," yule mama akasema. "Kituo hakiko huku. Nani anazaa?"

"Mama."

"Mama yako?"

"Hapana! Mama ya mutu! Isuba!"

Yule mama akaweka ungo chini, akasimama. Jina lake Subilaga, na kabla ya kustaafu aliwazalisha watu wa bonde lile mpaka akawazalisha na binti zao. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake. "Twende. Lakini nakwambia, kijana, mimi sijapakiwa baiskeli tangu siku niliyoolewa."

"Leo unaolewa tena," Mutale akasema. Mama Subilaga akacheka, akapanda keria, baiskeli ikatoa mguno.

Walipofika kijitoni, daraja halikuwapo. Maji yalikuwa yamelibeba, miti yake inaonekana kwa mbali ikizunguka. Na upande wa pili, mbele ya duka la Bwana Gwakisa, ile machela ilikuwa inafika. Wafula amepiga magoti topeni. Namatovu amebeba mwanzi begani. Kilio cha Tumpale kilivuka maji.

Bwana Gwakisa akarusha kamba. Mara ya kwanza ikaanguka majini. Mara ya pili Mutale akaidaka, akaifunga kwenye mti. Kisha akasimama, akayatazama maji.

"Vipi?" Mama Subilaga akauliza.

"Mimi kuogelea haijui," Mutale akasema. "Maji naamini ni ya kikombe tu."

"Basi tumngoje mwingine?"

Kilio kikaja tena. Mutale akainama. "Panda mugongo."

Akaingia. Maji magotini. Maji kiunoni. Maji kifuani, na Mama Subilaga mgongoni, mfuko ameuinua juu ya kichwa chake, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili huyo kijana asisikie moyo wake mwenyewe. Mguu mmoja ukateleza, wakazama mpaka kidevuni. Mutale akafumba macho, akashika kamba, akasogea. Alipoguswa na mikono ya Elinami upande wa pili, alikuwa bado amefumba macho, anaendelea kutembea nchi kavu.

Walimlaza Tumpale dukani, kati ya magunia ya mchele na katoni za sabuni. Wanaume wakatolewa nje. Namatovu akabaki kumshika. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Ndani kukawa na kilio, kukawa na sauti ya Mama Subilaga, "Usisukume, ngoja, ngoja, haya sasa!" Kisha kimya. Kimya hicho kiliwafanya Wafula, Elinami na Mutale washikane mikono bila kujua. Kisha pa! Kofi dogo. Na sauti nyembamba, kali, ya mtu aliyekasirishwa na dunia yote.

Ni msichana. Mama mzima, mtoto mzima.

Wafula akaruka juu. Elinami akalia kama mtoto aliyezaliwa. Namatovu akatoka, akaenda kwenye baiskeli ya baba yake, akafungua kamba. Fremu ikaachana mikononi mwake, vipande viwili. Akavitazama, akavilaza chini polepole, akarudi ndani kumtazama mtoto.

Muda si mrefu akatokea Ambakisye, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Gari alilipata, likazama Isuba juu, akakimbia kwa miguu. "Mke wangu yuko wapi?" Wakamkabidhi mtoto. Akakaa chini palepale kwenye maji ya mvua, amempakata.

Asubuhi, maji yakiwa yameshuka, watu wa Isuba wakakusanyika dukani na matoke, na maziwa, na jogoo. Bibi Sekela akasimama.

"Wanangu, sisi tulikubaliana, mjukuu wangu wa kwanza wa kike achukue jina langu. Nimelingojea jambo hilo miaka mingi. Leo nalitoa. Mtoto huyu apewe jina la mmoja wenu. Lakini mmoja tu, maana mtoto si basi, haandikwi majina ubavuni. Semeni wenyewe, nani alimleta?"

Kwanza wakaoneana haya. "Mpe Mama Subilaga." Mama Subilaga akakataa: "Akina Subilaga wamejaa bondeni. Ukiita sokoni, nusu ya soko inageuka. Mniache."

Basi Elinami akakohoa. "Mimi sisemi kwa kujivuna. Lakini nani alisikia kilio? Wote watatu mlipita hapo hapo mkipiga kelele. Mimi nilisikia, nikaingia, nikakaa. Bila mimi mngekuwa mpakani, na hapa pangekuwa na matanga. Na jina langu linamfaa mwanamke na mwanamume."

"Ulisikia kwa sababu ya tumbo lako!" Wafula akadakia. "Ulikuwa unavunja sheria kwa ndizi. Je, ndizi nazo tuzipe jina?"

Kicheko. Wafula akafungua viganja vyake, vimefungwa vitambaa. "Mnaviona hivi? Kusikia ni bure. Kushusha ndiyo kazi. Nani aliwaza kufunga baiskeli mbili? Nani alikuwa breki? Na tena Wafula wa kike ni Nafula, na kwetu msichana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Nafula tu, hata asipopewa, ndilo jina lake."

"Nafula, ndiyo," Elinami akajibu, "na wakati tunakuita, baba yake Nafula alikuwa anakunywa chai, anasema mlima hapandi."

Wafula akainamisha kichwa. Akasema, "Hilo ni kweli. Lakini nilipanda."

Mutale akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mimi nasema. Kusikia, sawa. Kushusha, sawa. Lakini mungeshusha mama mpaka hapa, na hapa ni nini? Ni sabuni na muchele! Mukunga ndiye alitoa mutoto, na mukunga nani alileta? Na maji nani aliingia, mutu hajui maji?"

"Ulimpata kwa kupotea," Namatovu akasema.

"Ndiyo! Ningefuata njia ya kweli, ningefika kituo na kurudi jioni. Kupotea kwangu ni dawa."

Watu wakashangilia. Ndipo Bibi Sekela akamgeukia Namatovu. "Na wewe, mwalimu, mbona husemi?"

"Sina neno, bibi. Nilitoa baiskeli, basi."

Wafula akasimama. "Hakutoa baiskeli tu. Nimeangalia palipovunjika jana. Dada, ulijua. Nilikuuliza, ukasema kitahimili."

Namatovu akavitazama viganja vya Wafula. "Nilijua huenda kisihimili. Ningesema hapana, tungemwachaje? Nyingine ilikuwa ipi? Ilipolia katikati ya mlima niliweka bega langu."

"Na kama ingekatika kwenye jiwe? Tumpale angeviringika na mimi kamba mkononi!"

"Ndiyo," Namatovu akasema. "Hilo nililala nalo usiku kucha. Lakini ile ilikuwa ya baba yangu, Wafula. Sikuwa na nyingine ya kutoa."

Wafula akamkumbatia.

Tumpale mwenyewe walipomuuliza, alisema, "Mimi nawapenda wote. Nilipokuwa nakufa sikumwona aliye wa kwanza wala wa mwisho." Kisha akalala usingizi.

Mabishano yakaenda mpaka jogoo akaiva, wakamla, wakaendelea kubishana. Jua likapanda, safari ikawaita. Wakaondoka bila jibu. Fundi wa Kyela akaitazama ile fremu akatikisa kichwa: chuma kimekwisha. Basi Malawi yote Namatovu aliivuka kwa mabasi, na Zambia vile vile, wenzake wakimkuta kila jioni anawangoja na chakula. Walipobakiwa na kilomita ya mwisho kabla ya maporomoko, wale watatu walishuka, wakakataa kupanda. Wakasukuma baiskeli zao kwa miguu, na Namatovu katikati yao akiviringisha kwa mkono gurudumu la mbele la baiskeli ya baba yake, mpaka manyunyu ya maji yakawalowesha wote wanne kwa pamoja.

Wakiwa hapo, simu ikalia. Ni Bibi Sekela.

"Mmeshaamua?"

"Bado, bibi. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ananenepa. Lakini nyinyi mnanichelewesha! Watoto wa jirani wameanza kumwita Keria. Keria! Na yeye akiitwa hivyo anacheka. Likishika hilo, halitoki tena."

Wakabishana hapo hapo, maporomoko yakinguruma, mpaka salio likaisha. Ndiyo maana nimelileta shauri hili kwenu, nyinyi mlioshiba na kunyoosha miguu. Yupo aliyesikia, lakini alisikia kwa ulafi. Yupo aliyeshusha, lakini kwanza aligoma. Yupo aliyevusha, lakini alifika kwa kupotea. Na yupo aliyetoa alichokipenda, lakini alitoa na uongo juu yake. Bibi anangoja, na jina la Keria linazidi kukomaa.

Haya, semeni kabla hajajua kuitika: msichana yule aitwe Elinami, au Nafula, au Mutale, au Namatovu? Nani kati yao alistahili?